Marejesho ya kodi Marekani yamechelewa au hayaonekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ikifika mwezi wa pili, swali la kwanza ninaloulizwa baada ya salamu ni lile lile: rifandi yangu, yaani marejesho yangu ya kodi, iko wapi? Najitolea kwenye meza ya kuwasaidia watu kujaza kodi hapa Marekani, na wengi wanaonijia tunaongea nao Kiswahili: mama wa Uvira, kijana wa Mombasa, mzee aliyekaa Nyarugusu miaka kumi na minane kabla ya kuletwa huku. Kwa familia yenye watoto wanne pesa hii si ya starehe. Ndiyo inayolipa pango la nyumba lililolala tangu Desemba, ndiyo inayotengeneza gari la kwendea kazini. Ikichelewa, nyumba nzima inayumba.

Majibu haya yanahusu kodi ya serikali kuu, inayosimamiwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Jimbo lako lina ofisi yake na tovuti yake ya kufuatilia, na pesa zake huja peke yake. Kupata moja hakukuambii lolote kuhusu nyingine.

Nisubiri siku ngapi kabla ya kuanza kuhangaika?

Kama ritani, yaani fomu ya kodi unayopeleka kila mwaka, ilitumwa kwa kompyuta, wengi hupata ndani ya siku 21 tangu IRS ilipoipokea. Kama ilitumwa kwa karatasi, hesabu wiki 6 au zaidi. Ritani ya kusahihisha, fomu 1040-X, huchukua wiki 8 hadi 12, na wakati mwingine 16. Hizo siku 21 si ahadi, ni kawaida tu. Ukipiga simu siku ya kumi, mhudumu ataona kile kile unachokiona wewe kwenye simu yako.

Jirani alipeleka baada yangu na ameshapata. Mimi nilipeleka Januari. Kuna nini?

Uliza kwanza kama una watoto kwenye ritani, au kama kipato chako ni cha chini. Kuna nafuu mbili za kodi, EITC (ya wafanyakazi wa kipato cha chini) na ACTC (ya wenye watoto), ambazo sheria ya mwaka 2015 iitwayo PATH Act inakataza zilipwe kabla ya katikati ya Februari. Na hazishikiliwi zenyewe tu: marejesho yote yanasubiri, hata ile sehemu iliyokatwa kwenye mshahara wako. Waajiri wanatakiwa kupeleka W-2, karatasi ya mshahara wako wa mwaka, serikalini kufikia mwisho wa Januari, na IRS hutumia wiki hizo kulinganisha ulichoandika wewe na walichoandika wao. Wengi wa kundi hili hupata mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi. Jirani yako huenda hana mtoto hata mmoja.

Nafuatilia vipi?

Ingia irs.gov/refunds, au tumia programu ya simu ya IRS2Go. Ritani ya mwaka huu iliyotumwa kwa kompyuta huanza kuonekana baada ya saa 24, ya karatasi baada ya wiki 4. Habari hubadilishwa mara moja kwa siku, usiku, kwa hiyo kuangalia mara kumi mchana hakusaidii. Utaona hatua tatu: imepokelewa, imekubaliwa, imetumwa.

Utaulizwa namba ya Social Security au ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security), hali ya ndoa uliyoandika kwenye ritani, na kiasi kamili cha marejesho bila senti. Hapo kwenye kiasi ndipo watu wengi wanapokwama. Wanaandika jumla ya pesa za serikali kuu na za jimbo, au kiasi walichoambiwa watapata mkononi baada ya aliyewafanyia kodi kukata ada yake. Ukurasa unasema hauna habari zao, wanatoka na hofu kwamba ritani haikutumwa. Chukua nakala ya fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, tafuta mstari wa 35a. Namba iliyo hapo ndiyo inayotakiwa. Kama huna nakala, soma swali la mtu aliyekufanyia kodi hapa chini, kwa sababu hilo lenyewe ni tatizo.

Wiki ya sita sasa, ukurasa unasema tu ritani inashughulikiwa.

Basi nenda ndani zaidi. Fungua akaunti yako binafsi kwenye irs.gov, utathibitisha utambulisho kupitia ID.me, na unahitaji kitambulisho chenye picha na simu yenye kamera. Ndani, tafuta karatasi iitwayo Account Transcript ya mwaka husika. Ina namba za tarakimu tatu pembeni, na kila moja ina maana yake. 150 ni ritani imeshaingizwa. 570 ni pesa imesimamishwa. 971 ni barua imetumwa kwako, na tarehe yake ipo. 846 ni marejesho yametolewa, na tarehe ipo pia. 898 ni sehemu imekatwa kulipa deni lililo nje ya IRS.

Mwaka mmoja alinijia baba aliyekuwa amesubiri tangu Februari, na wakati huo tulikuwa Juni. Tukafungua akaunti yake: 150, 570, halafu 971 yenye tarehe ya Machi. Nikamuuliza kama alipata barua. Akasema hapana. Kesho yake akarudi na mfuko wa rambo wa duka la vyakula umejaa bahasha, zote zimefungwa, nyingine zina alama ya kikombe cha chai. Matangazo ya bima, karatasi za shule, bili za hospitali, na katikati yake barua ya IRS yenye namba 5071C kwenye kona. Walikuwa wanamuuliza jambo moja tu: je, ni wewe uliyetuma ritani hii? Pesa zake zilikuwa zimekaa miezi mitatu zikisubiri aseme ndiyo. Hakuwa mzembe. Kazi yake ni ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na kila bahasha aliyowahi kufungua nchi hii ilikuwa inamdai.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza rifandi yake iko wapi, nami namuuliza barua zako ziko wapi. Mara nyingi jibu la swali lake liko kwenye jibu la swali langu.

Barua inasema nithibitishe mimi ni nani. Ni matapeli?

Kama imekuja kwa posta na ina namba 5071C, 4883C au 5747C, kwa kawaida ni ya kweli, na hakuna kitakachosogea mpaka uijibu. Usipige namba uliyotumiwa na mtu WhatsApp. Fuata maelekezo ya barua yenyewe: 5071C unaweza kuimaliza kwenye irs.gov/verifyreturn au kwa simu, 4883C ni kwa simu, na 5747C inaweza kukutaka ufike ofisini kwa miadi. Kaa na barua, ritani ya mwaka huo na ya mwaka uliotangulia, maana wataulizia mambo yaliyomo. Ukishathibitisha, inaweza kuchukua hadi wiki 9 pesa zitoke. Na kama ritani hiyo si yako, sema hivyo hapo hapo.

Na barua nyingine je?

CP05 inasema wanaikagua ritani na wanaomba uvumilie siku 60. Usitume kitu kama hawajaomba kitu.

CP75 ni nzito zaidi. Wanataka uthibitisho wa nafuu ulizodai, hasa kwamba mtoto aliishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Barua ya shule yenye jina lako, jina la mtoto na anwani inasaidia sana. Ya kliniki au ya mwenye nyumba pia. Tuma nakala, usitume karatasi zenyewe, na tuma kabla ya tarehe waliyoiandika. Mtoto wa ndugu unayemlea anaweza kuhesabika, lakini undugu lazima uonekane kwenye karatasi, na kwetu sisi ambao mtoto wa shemeji ni mtoto wetu bila kuandikishana popote, hapo ndipo kazi inapokuwa kubwa. Kwa barua hii usihangaike peke yako. Nimetaja msaada wa bure mbele.

Jina langu limeandikwa tofauti kwenye karatasi zangu. Linaweza kuchelewesha pesa?

Ndiyo, na linatuumiza sana sisi. Baba, mama na watoto kila mmoja ana jina lake la mwisho. Kambini jina liliandikwa kwa masikio ya karani. Tarehe ya kuzaliwa ya nusu ya familia ni 1 Januari kwa sababu hakuna aliyekuwa na cheti. IRS hailinganishi na jina unaloitwa nyumbani. Inalinganisha na kadi ya Social Security. Andika kwenye ritani herufi kwa herufi kama kadi ilivyo, hata kama kadi imekosea, halafu ukarekebishe kadi kwenye ofisi ya Social Security kwa wakati wako. Hasa majina ya watoto. Nimeona jina la mtoto likiwa na herufi moja ya ziada, na nafuu ya mtoto huyo ikakataliwa.

Pesa imefika lakini pungufu.

Sababu zinazojirudia ni nne. Ya kwanza ni hesabu: IRS imesahihisha kosa na kukuandikia barua CP12. Kama hukubaliani, una siku 60 za kuipinga kuanzia tarehe ya barua, na ukikaa kimya haki ya kuipinga kwa njia hiyo rahisi inapotea.

Ya pili ni deni la kodi la mwaka mwingine, barua CP49.

Ya tatu ni deni lililo nje ya IRS: matunzo ya mtoto, mkopo wa masomo wa serikali kuu, kodi ya jimbo, pesa za ukosefu wa kazi ulizolipwa kupita kiasi. Anayekata hapo ni hazina ya serikali, na IRS haiwezi kukurudishia. Piga 800-304-3107 usikie nani anadai, kisha ongea na anayedai. Kama mlipeleka ritani pamoja kama mke na mume na deni ni la mwenzako peke yake, jaza fomu 8379 udai sehemu yako. Wanawake wengi hawaijui fomu hii. Anakatwa mama kwa deni la mume alilolileta kabla ya ndoa, na anaambiwa ndivyo sheria ilivyo. Sivyo. Ikienda pamoja na ritani kwa kompyuta huchukua kama wiki 11. Ikienda peke yake baadaye, kama wiki 8.

Ya nne ni ada ya aliyekufanyia kodi, iliyokatwa kabla pesa hazijakufikia.

Ukurasa unasema imetumwa benki. Benki hakuna kitu.

Linganisha kwanza namba za akaunti kwenye ritani na za kwako. Zikiwa ngeni kabisa, huenda ulikubali ada ikatwe kwenye marejesho, na pesa zinapitia benki ya kati kabla ya kuja kwako. Muulize aliyekufanyia. Kama ulikosea tarakimu na akaunti hiyo haipo, benki hurudisha pesa IRS. Kama akaunti ipo na ni ya mtu mwingine, kuna kazi.

Zikishapita siku tano tangu tarehe ya kutumwa na benki yako inasema haijapokea, omba pesa zitafutwe. Piga 800-829-1954, au jaza fomu 3911. Wanandoa waliopeleka pamoja watalazimika kujaza fomu. IRS itaiandikia benki iliyopokea, na benki inaweza kuchukua hadi siku 90 kujibu. Na lazima niseme ukweli unaouma: benki ikikataa kurudisha, IRS haiwezi kuilazimisha. Linabaki kuwa jambo kati yako na benki au mwenye akaunti.

Ndiyo maana nawasihi vijana waache kutumia akaunti ya mjomba. Najua mjomba ni mtu mwema na ana akaunti ya siku nyingi. Lakini akaunti moja haipokei marejesho zaidi ya matatu kwa mwaka. Ya nne inageuzwa kuwa hundi na kutumwa kwa posta, wakati wewe unaendelea kuisubiri benki. Tena IRS inataka akaunti iwe kwa jina lako, la mwenzi wako, au la nyote wawili.

Nilikuwa nasubiri hundi, na nimehama.

Toa taarifa ya anwani mpya kwa fomu 8822. Kubadilisha anwani kwenye ofisi ya posta peke yake hakutoshi, kwa sababu si kila ofisi ya posta inasogeza hundi za serikali. Zikipita wiki 4 tangu hundi kutumwa, omba itafutwe kwa namba ile ile ya 800-829-1954 au fomu 3911. Kama haijalipwa popote, wataifuta na kukutumia nyingine. Kama imelipwa, watakutumia nakala ya hundi yenyewe uitazame sahihi ya nyuma, na uamuzi unaweza kuchukua hadi wiki 6 zaidi.

Tangu 30 Septemba 2025 serikali imeanza kuachana na hundi za karatasi. Ukipeleka ritani bila namba ya benki, jiandae kusubiri. Benki na vyama vingi vya ushirika wa akiba hufungua akaunti bila ada ya mwezi.

Mtu aliyenifanyia kodi hapokei simu tena.

Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu mara nyingi mtu huyo ni wa kwetu. Anaongea lugha yetu, tunasali naye, anafanyia kodi sebuleni kwake, na anaahidi marejesho makubwa kuliko kila mtu mjini. Mtayarishaji anayelipwa analazimika na sheria kusaini ritani na kuandika PTIN, namba yake ya utayarishaji anayopewa na IRS. Analazimika kukupa nakala. Haruhusiwi kuelekeza marejesho yako kwenye akaunti yake. Ritani iliyoandikwa kwamba umeijaza mwenyewe, wakati ulimlipa dola 400, ni ritani ya mtu anayejificha, na ikikaguliwa atakayejibu ni wewe.

Ingia kwenye akaunti yako ya irs.gov uone ni nini kilipelekwa kwa jina lako. Kama kuna biashara usiyokuwa nayo, watoto usiowajua, au akaunti ya benki isiyo yako, jaza fomu 14157 ya kumlalamikia, pamoja na 14157-A kama alibadilisha ritani au kuchukua pesa zako bila ridhaa yako. Kusanya risiti, ujumbe wa simu, chochote. Watu wananiambia wanaona haya kumshtaki mwenzao. Wanaopoteza pesa nao ni wenzetu.

Mwaka ujao tafuta VITA, huduma ya bure inayotambuliwa na IRS kwa watu wa kipato cha chini na cha kati na wale ambao Kiingereza hakijakaa sawa. Piga 800-906-9887 ujue kituo cha karibu.

Ritani yangu imekataliwa kwa sababu namba yangu au ya mwanangu imeshatumika.

Inaweza kuwa wizi, au mzazi mwenzio amemwandika mtoto kwenye ritani yake. Ikiwa ni namba yako mwenyewe na si wewe uliyepeleka, jaza fomu 14039. Halafu omba IP PIN kwenye akaunti yako: ni tarakimu sita zinazobadilika kila mwaka, na bila hizo hakuna awezaye kutuma ritani kwa namba yako kwa kompyuta. Ni bure na yeyote mwenye namba ya Social Security au ITIN akithibitishwa anaipata. Usimpe mtu isipokuwa anayekujazia ritani.

Kiingereza changu hakitoshi kuongea na IRS.

Piga 833-553-9895 na useme "Swahili". Wana wakalimani wa simu kwa lugha zaidi ya 350, bila malipo. Inaweza kuchukua dakika kadhaa kumpata, vumilia, usikate. Tafadhali usimtoe mtoto shuleni aje kutafsiri mambo ya kodi; ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa miaka kumi na mbili kusema kwa kinywa chake kwamba baba anadaiwa.

Kwa barua, kuna fomu ndogo inayoambatana na 1040, iitwayo Schedule LEP, ya kuchagua lugha. Kiswahili hakimo kwenye orodha yake. Kifaransa na Kiarabu vimo, na ndugu wengi wa Kongo na Burundi wanasoma Kifaransa vizuri kuliko Kiingereza.

Miezi imepita, mwenye nyumba ameniletea karatasi ya kunitoa.

Usibaki kwenye foleni ya kawaida. Ndani ya IRS kuna kitengo huru cha kumtetea mlipakodi, Taxpayer Advocate Service, simu 877-777-4778, fomu 911. Waoneshe notisi ya kufukuzwa, ya kukatiwa umeme, dawa usizoweza kununua. Kipo katika kila jimbo.

Njia ya pili, ambayo wageni hawaifikirii, ni ofisi ya mbunge wa Congress wa eneo lako. Ana wafanyakazi wa kufuatilia matatizo ya watu na ofisi za serikali. Utasaini karatasi ya kuwaruhusu waulize habari zako, basi. Huhitaji kuwa raia, wala kuwa ulimpigia kura.

Ikiwa kuna ukaguzi au mgogoro na IRS, tafuta kliniki ya kodi ya watu wa kipato cha chini, LITC. Zina mawakili wa bure au wa ada ndogo.

Wakichelewa wananilipa riba?

Ndiyo, kama zimepita siku 45 tangu siku ya mwisho ya kupeleka ritani, au tangu siku uliyoipeleka ikiwa ulichelewa. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa asilimia 7 kwa mwaka. Huna haja ya kuomba, inakuja yenyewe, na unaiandika kama kipato kwenye ritani unayopeleka mwaka unaofuata.

Nimepata ujumbe wa simu kwamba kuna rifandi haijachukuliwa, nibonyeze.

Usibonyeze. Futa.

Sikufanya kodi miaka ya nyuma ingawa nilifanya kazi. Pesa zangu zimepotea?

Una miaka mitatu tangu siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya mwaka husika. Kwa mwaka wa kodi 2021 mlango ulifungwa 15 Aprili 2025. Baada ya hapo pesa inabaki kwa serikali. Miaka ambayo bado iko wazi, anza na ile ya zamani zaidi, kwa sababu ndiyo inayokaribia kufungwa. Ikiwa ulipoteza W-2, au kiwanda kimefungwa, kwenye akaunti yako ya irs.gov kuna karatasi iitwayo Wage and Income Transcript yenye kila mshahara ulioripotiwa kwa namba yako. Ichapishe uje nayo VITA, pamoja na kadi za Social Security za nyumba nzima, na mfuko wa barua.